Mzinga Mtupu

Mtu wa Dar ukimtajia Tabora atakujibu maembe au asali, kisha atakuagiza lita tano, "ile yenyewe, isiyochanganywa." Anadhani huku asali inaokotwa. Hajawahi kuona mzinga mtupu.

Baba yangu mdogo ameiona 17 kwa mpigo. Alistaafu ualimu wa historia, akachukua sehemu ya mafao na kumlipa fundi seremala amtengenezee mizinga 20 ya mbao. Akaitundika porini, upande wa barabara ya Sikonge, akarudi Ipuli kusubiri. Msimu ukapita; nyuki wakaingia mitatu tu. Mama mdogo, ambaye zile hela alishazipangia bati za nyumba, hakugomba. Alinyamaza. Wanaomjua wanajua kunyamaza kule kulivyo.

Mimi nami nina mizinga michache, basi akaniita. "Mwanangu, njoo uniambie hawa wadudu wana nini na mimi."

Mzinga mtupu kwanza unautia pua. Ndani kulinuka vanishi. Fundi, kwa nia njema kabisa, alipaka nje na ndani, ing'ae. Nyuki wapelelezi wanaotafuta nyumba hukagua kama wapangaji: pana nafasi? Ni pakavu? Panalindika? Wakikuta harufu ya nta wanavutika. Wakikuta vanishi wanapita zao. Tukakwangua ndani, tukaacha upepo upite wiki kadhaa, halafu tukayeyusha nta kidogo na kuipaka chini ya vile vijiti vya juu ambavyo nyuki huning'iniza masega.

Vijiti vyenyewe navyo vilikuwa na lao, na hilo hulioni mpaka ufungue mzinga wenye nyuki. Masega yalikuwa yamejengwa mshazari, moja limeshika vijiti vitatu. Huwezi kuinua kimoja bila kubomoa yote. Nikatoa rula: milimita 38. Nyuki wetu ni wadogo kuliko wa Ulaya, na kijiti chao kinatakiwa kiwe na upana wa milimita 32 hivi, yaani unene wa sega pamoja na kichochoro cha kupita. Ukizidisha, wanafuata kipimo chao, siyo chako. Milimita sita, jamani! Milimita sita zinakula bati za mama mdogo.

Mzinga mwingine kati ya ile mitatu ulikuwa umeshahamwa. Utando mweupe kila mahali, funza wa nondo wametafuna masega. Baba mdogo akapiga kofi: "Huyu hapa mwizi!" Bado. Kundi lenye nguvu humdhibiti nondo lenyewe. Ukimkuta ametamalaki, ujue kundi lilishadhoofika au lilishaondoka. Kumshitaki nondo ni kama kumshitaki fisi aliyekutwa kwenye mzoga. Tulipotazama juu tukaona msururu wa sisimizi unashuka kwenye waya. Nyegere hafiki pale, sawa, lakini waya haukupakwa grisi. Na jua la saa nane lilikuwa linapiga mfuniko wa bati bila kivuli chochote, na maji yako mbali.

"Nyuki watoro hawa," akasema.

Neno hilo nililikumbuka njiani tukirudi. Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857, na Stanley aliyekuja baadaye, wamejaza kurasa kwa malalamiko ya wapagazi kutoroka. Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri watu wa kumbebea mizigo, mpaka Agosti ndipo akaondoka. Ukisoma vitabu vile haraka utaamini Mnyamwezi alizaliwa na utoro. Ukisoma polepole unaona posho imepungua, mzigo umezidi, mvua zinakaribia na mtu ana shamba la kulima kwao. Nilimwambia baba mdogo. Alicheka, kisha akanyamaza hadi Ipuli. Darasani, alisema, alifundisha ule upande wa wenye mizigo miaka yote, maana ndio uliokuwa kwenye mtihani.

Kuna jambo ambalo grisi haitibu. Babu alitumia mizinga ya magome, na ukichuna gome zima la myombo, mti unakufa. Ndiyo maana baba mdogo alichagua mbao. Lakini kwa mbali porini husikia shoka. Tumbaku ya mkoa huu hukaushwa kwa kuni, na miombo ikishakatwa, hayapo yale maua yanayokuja kabla ya mvua. Nyuki hufuata maua. Hapo sina ushauri wa kumpa mtu anayeanza, isipokuwa atembee kwanza aone pori limebaki wapi, ndipo akamtafute fundi.

Tulihamishia mizinga karibu na kijito, kivulini, kabla miombo haijachanua. Vijiti vikapigwa randa. Mvua za kwanza zilipodondoka, mizinga 11 ilikuwa na nyuki. Baba mdogo ana daftari la zamani la mahudhurio ya wanafunzi. Kila Jumamosi huita namba za mizinga na kuweka alama, yupo au hayupo. Juzi nimelifungua, nikakuta mama mdogo ameongeza safu yake pembeni kwa kalamu nyekundu: lita.