Safari ya Rukwa: Ziwa Lisilo na Mlango

Watu wengi waujuao mji wa Tunduma waujua kwa jambo moja tu, nalo ni mpaka. Ng'ambo yake ni Nakonde, nchi ya Zambia, na usiku na mchana malori hupanga foleni yakielekea kusini na Kongo. Msafiri hufika, hugongewa muhuri, hubadili fedha, akenda zake. Wachache wajuao kwamba katika mkoa huo huo wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ipo ncha ya kusini ya Ziwa Rukwa, lenye viboko, mamba na ndege wasiohesabika. Basi sisi tuliazimu kulizuru. Tulikuwa sita: watu wazima wawili, na vijana wanne waliokwisha mitihani yao, ambao tulitaka waione nchi yao kabla hawajatawanyika.

Tulitoka Tunduma baada ya sala ya Alfajiri. Tukaifuata barabara kuu mpaka Mlowo, kisha tukaiacha tukashika njia ya Kamsamba. Mwanzo wa njia hiyo ni nchi ya juu ya Mbozi, yenye baridi na mashamba ya kahawa. Baadaye njia yateremka na kuteremka, hewa ikageuka, na makoti tuliyoyavaa asubuhi yakawa mzigo. Huko chini, yapata mita 800 juu ya usawa wa bahari, ndipo Bonde la Ufa lilipolikalisha ziwa. Tulipita upande wa Ivuna, ambako watu wamepika chumvi ya chemchemi kwa karne nyingi, tukalala katika mwalo wa wavuvi.

Asubuhi ya pili tulipanda mtumbwi wa mbao. Kiongozi wetu alikuwa mvuvi mtu mzima, ambaye vijana walimwita babu tangu salamu ya kwanza. Kabla ya kung'oa alitupa sharti tatu: asisimame mtu, asitie mtu mkono majini, na asipige mtu kelele. "Hapa ninyi ni wageni," akasema, "na wenyeji wana meno."

Upepo ulikuwa bado umelala. Mzee alizima mashine, akashika upondo, akatupitisha katika kichochoro cha matete. Tuliwaona yangeyange weupe wamesimama kama watu wanaosikiliza hotuba, na mwari wakiogelea kwa safu, na furukombe juu ya mti mkavu akiyatazama maji. Tulimwona mdiria akisimama hewani pasipo tawi, kisha akajitupa kama jiwe na kuibuka na kidagaa. Palipokuwa na yungiyungi, ndege mwenye vidole virefu mno alitembea juu ya majani asizame, kwa kuwa uzito wake umegawanyika katika vidole vile.

Kiboko wa kwanza tulimsikia kabla ya kumwona. Mzee akatuonya kwamba penye jozi moja ya masikio huenda pana wengine watatu waliozama. Mnyama huyu hushinda majini ili jua lisiunguze ngozi yake, na usiku hutoka kula majani nchi kavu. Samadi yake huirudisha ziwani, ikawalisha vijidudu, na vijidudu wakawalisha samaki. Kwa hiyo mvuvi amwogopaye kiboko humla samaki aliyenenepeshwa na kiboko huyo huyo.

Mbele kidogo mamba alilala ukingoni, kinywa wazi. Vijana walidhani amekasirika, kumbe ndivyo apunguzavyo joto la mwili. Mzee akatueleza kwamba mama mamba huwachukua watoto wake kinywani, kwa meno yale yale yavunjayo mfupa wa ng'ombe, akawapeleka majini wasipate hata mchubuko. Na perege, samaki tuliyemla usiku uliotangulia, naye huyaatamia mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe. Kisha mzee akanyosha kidole kwenye kundi moja la matete, akasema kwa sauti ndogo kwamba hapo nduguye alichukuliwa na mamba akitega nyavu. Hakulisema kwa chuki. Sisi hatukupata la kusema ila kumwombea marehemu.

Jua lilipopanda upepo uliamka, nasi tukageuza kurudi. Hapo mmoja wa vijana wetu, mwenye tabia njema na asiyekusudia ubaya, alimaliza maji yake akaitupa nje chupa ya plastiki. Upepo ukaichukua, ikaelea moja kwa moja kuelekea matete yale yale. Mzee hakusema neno. Aligeuza mtumbwi kuifuata. Nasi watu wazima, ambao ndio tuliopaswa kuwa na akili, tulimwambia, "Mzee wetu, iache! Chupa moja ni kitu gani?"

Akajibu huku akisukuma upondo, "Mto una njia, bwana. Ukitupa kitu chaenda zake. Ziwa hili halina mlango. Liingialo humu ni letu mpaka kufa."

Mawimbi yalitupiga ubavuni, maji yakaingia, tukalowa sote. Kiboko mmoja alinguruma karibu nasi, na kila mmoja wetu alisoma alichokijua. Mzee aliivuta chupa kwa ncha ya upondo, akaiokota, akamkabidhi kijana pasipo kumkaripia. "Shika, mwanangu. Urudi nayo."

Wasomaji wetu, maneno ya mzee yule ni kweli ya elimu pia. Maji ya Ziwa Nyasa hutoka kwa Mto Shire yakafika Zambezi na bahari. Maji ya Tanganyika hutoka kwa Lukuga yakaingia Kongo. Lakini Rukwa hupokea Momba, Songwe, Rungwa na mito mingine, wala halitoi hata mmoja. Jua ndilo liyanywalo maji yake, na jua halinywi chumvi, wala tope, wala taka. Ndiyo maana ziwa hili hupanuka na kunywea ajabu. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kama kilomita 48 tu. Mwaka 1939 ulifika kama kilomita 128, na katika zama zetu hufika yapata 180.

Sasa zingatieni yateremkayo na mito hiyo. Mkulima alimapo mpaka ukingoni mwa mto, udongo wake huja ziwani. Matete na mafunjo ya milangoni mwa mito ni chujio lililowekwa hapo bila gharama, nasi twayachoma. Katika nchi ya dhahabu ya Chunya na Songwe wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na zebaki haiozi. Ikiingia topeni hugeuzwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi, ikapanda kwa samaki, kisha kwa mlaji. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata huko Japani, yaligunduliwa maradhi ya mishipa ya fahamu yaliyotokana na zebaki ya kiwanda iliyomwagwa baharini. Watoto walizaliwa na vilema kwa sababu mama zao walikula samaki. Mkataba wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki duniani umepewa jina la mji huo, na Tanzania imo. Twasema haya ili kila nyumba yenye mchimbaji imwambie mwanawe asizichomee zebaki jikoni, wala asiyamwage mabaki yake mtoni.

Wala asiseme mtu kwamba hakuna njia nyingine. Nyika za Rukwa ni mazalio ya nzige wekundu, na kwa ajili yao mwaka 1949 liliundwa shirika la kimataifa lililokaa Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala, Zambia. Kwa miaka mingi silaha ilikuwa sumu. Lakini mwaka 2009, nzige walipoinuka tena katika Tanzania, Rukwa ikiwemo, walinyunyiziwa dawa ya kuvu iuayo nzige pasipo kuwadhuru ndege na samaki, na balaa likazuiwa.

Tulifika pwani wakati wa Adhuhuri. Vijana walitawadha kwa birika moja, na yule mwenye chupa alimimina kidogo kidogo, kama tulivyofundishwa utotoni kwamba hata aliye kando ya mto asiyafuje maji. Chupa yenyewe aliitia mkobani, akasafiri nayo mpaka Tunduma. Nasi tuliosema "chupa moja ni kitu gani" tulikaa kimya sehemu kubwa ya njia.

Enyi wazazi, wapelekeni watoto wenu wakaone. Kuna mvuvi pale atakayewafundisha kwa upondo mmoja zaidi ya tuwezavyo kuwafundisha kwa kalamu. Mwenyezi Mungu awalinde yeye na watu wa mwalo wake, na atujaalie tuwe watu waokotao walichokiangusha. Amin.