Kinyozi wa Likoni Hunyolewa na Nani?

Wasee, tuseme Likoni kuna kinyozi mwenye sharti moja: ananyoa wote wa mtaani wasiojinyoa, na hao tu. Yeye je? Akijinyoa, kavunja sharti. Asipojinyoa, sharti lamtaka ajinyoe!

Beshte wangu akasema avuke feri, anyolewe kisiwani. Wapi! Bado hajinyoi. Mwengine: afuge ndevu. Yale yale.

Bertrand Russell alipogundua fumbo la aina hii kwenye hisabati, 1901, misingi yake ilitikisika. Jibu la kinyozi ni rahisi: hayupo. Hakuna anayeweza kutimiza sharti hilo.

Sasa kuna matangazo ya kazi ya kwanza yanayotaka uzoefu wa miaka mitatu. Naambiwa sipati kwa sababu niliacha chuo. Mimi nakagua sharti kwanza. Wewe je?