Mizani Ilipofika Kiwanjani

Zamani pale Kasongo, mashariki mwa Kongo, ndege tuliiogopa ikitua, si ikiruka. Ikitua tulifukuza mbuzi, tukakaa kimya mpaka magurudumu yaguse udongo, kisha vifijo. Ikiondoka, aliyeitazama ni mwenye magunia tu.

Miaka ya vita, kuanzia 1998, treni ya kupitia Samba ilikatika na barabara ya Kindu haikuwa ya kutegemea. Chumvi, sabuni na vitenge vilikuja kwa baiskeli za kusukumwa au kwa ndege za wafanyabiashara. Kurudi, ndege zilijazwa mchele na mawese. Uzito ulipimwa kwa macho, na macho yenyewe yalikuwa kwenye pesa. Abiria walikaa juu ya mizigo. Namkumbuka mzee mmoja aliyemwuliza mpakiaji, "Mdogo wangu, hii yote itapanda?" Akajibiwa, "Papa, ingia, Mungu yuko." Akaingia.

Baada ya mvua niliwahi kuona ndege ikimaliza kiwanja chote, ikirusha tope jekundu, ikainuka pale mwisho kabisa huku majani yakigusa tumbo lake. Tulicheka na kumsifu rubani! Ndivyo tulivyokuwa.

Tarehe 26 Agosti 2007 habari zikatoka Kongolo, kwa majirani zetu wa kusini kwenye mto Lualaba. Antonov An-32 iliyobeba madini na abiria ilipata hitilafu ya injini mara tu baada ya kuruka, ikajaribu kurudi, ikaanguka. Walikufa watu 14. Ya Kinshasa tulikuwa tumeyasikia: Januari 1996 ndege ya aina hiyohiyo, imejazwa kupita kiasi, ilishindwa kupaa kwenye kiwanja cha Ndolo ikaingia soko la Simbazikita na kuua zaidi ya watu 200. Lakini Kinshasa ni mbali. Kongolo tuna wakwe.

Baadaye nilianza kusafiri na ndege ndogo za misaada, na hapo ndipo nilipopandishwa kwenye mizani, mimi na begi langu, mbele ya watu. Akina mama walinung'unika. Mheshimiwa mmoja alikasirika kabisa. Rubani alinieleza hesabu yake: akifika nusu ya kiwanja bila kupata asilimia 70 ya mwendo wa kupaa, anafunga breki. Udongo uliolowa na nyasi ndefu hushika magurudumu, na jua la mchana huifanya hewa kuwa nyepesi, mabawa yasipate nguvu. Kwa hiyo gunia linalobebeka saa kumi na mbili asubuhi laweza kuwa la ziada saa nane, ingawa kilo zake ni zilezile.

Siku hizi watu wa kwetu huuliza kilo kabla ya kuuliza nauli, japo si wote, na wapakiaji wa "Mungu yuko" hawajaisha. Ukifika kiwanjani ukaona hupimwi wewe wala mzigo wako, uliza zimepakiwa kilo ngapi. Wasipokujibu, usipande, hata kama nauli umeshalipa.