Mpaka Una Miguu

Sisi wa Miembeni tumekua tukiambiwa kwamba mji wetu wa Bukoba ulianzishwa na Mjerumani, Emin Pasha, mwaka 1890. Sawa. Lakini hebu, ndugu msomaji, tafuta Oppeln, alikozaliwa mwaka 1840 kwa jina la Eduard Schnitzer. Ujerumani huuoni! Tangu 1945 mji huo uko Poland, unaitwa Opole. Mji haukusogea hata hatua moja. Uliohama ni mpaka, na Wajerumani wengi wakafukuzwa makwao.

Nasi je? Mwaka uleule wa 1890, Waingereza na Wajerumani walikaa Berlin wakagawana nchi zetu. Magharibi ya ziwa mstari ukapita digrii 1 kusini ya Ikweta, bila kuujali mto Kagera. Mwaka 1978 Idi Amin akaja, eti mpaka wake ni mto! Ndugu zetu wa ng'ambo ya mto wakauawa, wengine wakakimbia, daraja la Kyaka likavunjwa.

Basi wanaoniuliza kijana wa Miembeni anatafuta nini kwenye ramani za Ulaya, jibu langu ni hilo. Natafuta mkono ulioshika kalamu.