Mita 60 za Mpwa Wake

Maji ya Dar es Salaam nimeyanywa tangu utotoni, ila Milima ya Uluguru nilikuwa nikiitazama dirishani tu, basi likipita kwenda Dodoma. Safari hii niliteremka Morogoro, nikashika barabara ya Kisaki hadi Matombo, kisha bodaboda kuelekea Kibungo Juu. Mlima ulipozidi tulishuka tukaisukuma pikipiki. Migomba na mihogo imepandwa kwenye miteremko ambayo mimi nisingeweza kusimama bila kushika mti.

Mwenyeji wangu, mama mtu mzima, ni mjumbe wa jumuiya ya watumia maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vua viatu, tunavuka."

Tulivuka Mfizigo, mmoja wa mito inayoilisha Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Nikasimama katikati, maji magotini, nikaviona vidole vyangu vyote vya miguu.

Shamba lake limekatwa ngazi toka juu hadi chini, kingo zikishikwa na majani ya malisho. Mvua ikinyesha, maji hupumzika kila ngazi na udongo hubaki kwake. Nilijua kwamba kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha huku mradi wa kuwalipa wakulima wanaotunza mto, na DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam, ikachangia malipo hayo. Nikamuuliza kama ngazi zilikuja na mradi. Akaanzia mbali zaidi, kwa marehemu baba yake aliyezikataa. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuzichimba, na mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, mmoja wao akauawa.

"Baba alichimbishwa," alisema. "Mimi nimechimba."

Alianza peke yake, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Majirani walisubiri waone mavuno, ndipo wakaja na majembe.

Kisha akanipeleka kwenye chemchemi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Ofisini mita 60 ni namba. Mlimani ni shamba zima la mtu, na hapa lilikuwa la mpwa wake. Alimwambia ang'oe migomba. Kijana akanuna msimu mzima. Basi mama akamkatia kipande kwenye shamba lake mwenyewe, na pale palipokuwa na migomba sasa pana mikuyu michanga. Mama huyu ndiye ningependa aitwe mbele Wiki ya Maji, kila Machi, kabla hotuba hazijaanza.

Wakati wa kurudi, basi lilipofika daraja la Ruvu niliinuka kitini nikachungulia. Mto ulikuwa mwekundu kwa tope la mashamba mengi. Niliyatafuta kwa macho maji ya Mfizigo, nikijua yamo, hadi daraja likaisha.