Kiswahili cha Yaya

Tembea uone, walisema wahenga. Sisi walimu tunaupenda sana usemi huu. Tunauandika ubaoni, tunawapa wanafunzi wautungie insha, na kisha tunarudi nyumbani kwa njia ile ile ya kila siku, maana mshahara wa mwalimu haumfikishi mbali. Kwa hiyo tunawaomba wasomaji watuwie radhi tukiwasimulia safari moja tuliyoifanya katika likizo ndefu ya mwisho wa mwaka 2018, kutoka Kigali hadi Bara Hindi, sisi pamoja na mwenzetu mmoja ambaye naye ni mwalimu wa Kiswahili. Hatusimulii kwa kujigamba. Tunasimulia kwa sababu huko tulipata somo ambalo hatukulipata chuoni tulipokuwa tukitafuta stashahada ya ualimu.

Mambo mawili yalitokea nchini Rwanda mwaka 2017. La kwanza, Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. La pili, ndege ilianza kuruka kutoka Kigali hadi Mumbai. Mwenzetu aliyaunganisha mambo haya kwa mzaha: "Ikiwa lugha yetu imepandishwa cheo, basi nasi tukatafute ilikopata maneno yake." Tulikwisha kuweka akiba kwa miaka miwili katika kikundi chetu cha ikimina. Tukatia nguo chache, kamusi moja na daftari mbili ndani ya shanta, tukazitia mgongoni, tukaondoka.

Mwalimu wa Kiswahili hawezi kuwa mgeni kabisa huko. Katika garimoshi la kutoka Mumbai kwenda kaskazini, tuliposafiri usiku kucha katika behewa la vitanda vya ngazi tatu, wachuuzi walipita wakinadi chai, na hatukuhitaji mkalimani. Asubuhi tulisikia abiria wakitaja gari, chapati, pesa na laki, tukawa tunaandika katika daftari kama watoto waokotao kombe ufukoni. Gunia, bangili, bima, achari, kachumbari: kila neno tulilidhani letu tangu azali, kumbe lilivuka bahari kuja kwetu. Nayo maneno yetu yalivuka kwenda kwao. Miongoni mwa Wahindi waliopata kuishi Afrika ya Mashariki, muhogo huitwa mogo, karanga huitwa jugu, na ufagio ni fagio hadi leo.

Tulikuwa tunaelekea Kutch, katika jimbo la Gujarati. Yeyote aliyesoma historia ya pwani yetu anaifahamu nchi hiyo hata kama hakupata kuiona. Kutoka huko walitoka wafanyabiashara waliokaa Unguja tangu zama za masultani. Huko alizaliwa Alidina Visram, ambaye maduka yake yalitoka pwani yakafika hadi Uganda. Ni nchi kavu, ya miiba na vumbi, na katika Desemba usiku wake ni wa baridi kali kwa mtu aliyezoea hali ya Kigali. Mji wake mkuu ni Bhuj, ulioharibiwa vibaya na tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari, 2001, na ambao umejengwa upya.

Mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia Bhuj aliposikia kwamba tumetoka Afrika, alipiga makofi. Alituambia kwa Kiingereza kwamba shangazi yake, anayekaa katika kijiji cha Madhapar karibu na mji, aliwahi kuishi Kampala, na kwamba angefurahi mno kuisikia tena lugha ya huko. Jioni ile ile tukapelekwa.

Tulimkuta bikizee wa zaidi ya miaka themanini, amevaa sari nyeupe, ameketi juu ya pembea ya mbao iliyoning'inizwa uani.

"Veve toka Afrika?" akauliza. "Kuja! Kaa hapa!"

Tukamwamkia shikamoo. Hakuitikia, marahaba hakuijua. Akatwambia, "Mimi kaa Kampala mingi mwaka. Mimi hapana sahau." Kisha maneno yakaanza kumtoka moja baada ya jingine, mithili ya mtu anayefungua sanduku la zamani na kuonyesha kilichomo: lete maji, fagia, funga mlango, pasi moto, sukari kwisha, mtoto nalia, veve chelewa, haraka! Kila neno alilisema kwa furaha, akatutazama kuona kama tumelitambua, akacheka.

Nasi, kwa mazoea ya kazi, tukawa tunamsahihisha kimoyomoyo. Si "mingi mwaka", ni miaka mingi. Si "hapana sahau", ni sijasahau. Ngeli zote zilikuwa zimeanguka, upatanisho haukuwapo, na karibu vitenzi vyote vilikuwa vya kuamrisha. Kwa hakika tulikaribia kucheka. Tulipomgeukia mwenzetu ili tucheke naye, tukamwona ameinamisha kichwa, na chai imepoa mkononi mwake.

"Veve hapana kula?" bikizee akamwuliza. "Kula!"

"Nimeshiba, bibi," akajibu, ilhali tangu asubuhi hatukuwa tumekula chochote cha maana.

Kabla hatujaondoka, bikizee alitusimulia jinsi walivyoondoka Kampala. Wasomaji wanakumbuka kwamba mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wametoka Uganda. Waliacha duka na nyumba na vyombo. "Yaya yangu mzuri sana," akasema. "Siku mimi nakwenda, mimi nalia, yaya nalia."

Mwenzetu akainua kichwa. "Yaya huyo aliitwa nani?"

Bikizee alifikiri kwa muda mrefu, pembea ikasimama. "Yaya," akasema. "Mimi naita yaya."

Usiku ule tulikaa juu ya dari ya nyumba ya wageni, tumejitanda mablanketi. Tulikuwa tumefahamiana na mwenzetu kwa miaka kumi na mitano, tumesahihisha mitihani pamoja, tumebishana juu ya viambishi hadi usiku wa manane, lakini aliyotueleza usiku huo hakupata kutueleza kabla.

Wazazi wa mama yake walikimbia Rwanda mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakaingia Uganda. Mama yake, msichana asiyejua lugha nyingine ila Kinyarwanda, alipata kazi ya uyaya katika nyumba ya Wahindi mjini Kampala. Bibi wa nyumba naye alikuwa ameletwa kutoka Bara Hindi kama bibi-arusi si miaka mingi kabla yake. Wakakutana jikoni wanawake wawili wageni, wasio na lugha ya kusemezana. Kiswahili hakikuwa cha huyu wala cha yule. Kila mmoja alikiokota kwa mwenzake, akidhani kwamba mwenzake ndiye akijuaye. Mwenzetu alizaliwa mwaka 1971 katika chumba cha uani cha nyumba hiyo, na Kiswahili chake cha kwanza kilikuwa hicho.

Baada ya mwaka 1994 familia ilirudi Rwanda, naye baadaye akaingia chuoni kusomea ualimu. Siku moja alirudi likizo bila kutoa taarifa, akiwa na rafiki zake. Mama yake akatoka nje kwa furaha, akataka kumpokea kwa lugha anayoisomea: "Mimi hapana jua wewe nakuja leo!" Rafiki zake wakacheka. Yeye pia akacheka, kisha akamsahihisha mbele yao: "Mama, hakisemwi hivyo. Sema, sikujua kwamba unakuja leo." Mama hakujibu. Akaingia jikoni, akawapikia, akawaandalia. Tangu siku hiyo hadi alipofariki hakumsemesha tena mwanawe kwa Kiswahili, hata neno moja.

"Siku zote nilidhani ule ulikuwa ujinga wa mama," mwenzetu akatuambia. "Leo nimekutana na mwalimu wake. Si yule mwenyewe, lakini darasa ni lile lile."

Hatukuwa na la kumjibu. Mtu akikwambia jambo kama hilo, unyamavu ndio adabu.

Kesho yake tulikuwa twende Mandvi kwa basi la asubuhi. Mwenzetu akasema tupite kwanza Madhapar. Hatuna budi kukiri kwamba tuliingiwa na hofu, maana hatukujua alikwenda kusema nini, na bikizee alikuwa mtu mzima aliyetukirimu. Tukamkuta palepale juu ya pembea. Mwenzetu akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akaanza kusema polepole:

"Mimi zaliwa Kampala. Mama yangu yaya. Nyumba ya Wahindi. Mingi mwaka."

Tulishtuka. Mtu huyu, ambaye wanafunzi wake humwogopa kwa sababu ya kosa la kiambishi kimoja, alikuwa akikisema Kiswahili kile bila kukwama, kama mtu anayerudi katika chumba alichokulia na kujua kila kitu kilipo gizani. Akamtajia bikizee jina la mama yake. Jina hilo hatutaliandika hapa, kwa kuwa si letu kulitoa. Bikizee akalikariri. Mwenzetu akalitaja tena, naye akalikariri tena, mpaka likamkaa vizuri ulimini.

"Yaya yako pia na jina," mwenzetu akasema.

Bikizee akatazama mikono yake. "Mimi hapana uliza," akasema.

Wakakaa hivyo kwa kitambo. Kisha bikizee akamsogezea sahani, akasema kwa sauti ndogo, "Kula, baba." Safari hii mwenzetu akala.

Mchana tukafika Mandvi. Kando ya mto Rukmavati mafundi wangali wanaunda majahazi makubwa ya mbao kwa mikono yao, mbavu za vyombo zimesimama juu ya mchanga. Ulikuwa msimu wa kaskazi, upepo ule ule uliovileta vyombo vya huko Lamu, Mombasa na Unguja kwa karne nyingi. Tulikuwa tumekuja kutafuta safari ya maneno, na siku mbili kabla tungeijaza daftari mahali hapo. Siku hiyo hatukuandika. Tulitambua kwamba maneno hayasafiri ndani ya jahazi pamoja na shehena ya mchele. Husafiri kutoka kinywa hadi kinywa, baina ya watu wanaohitajiana, na mara nyingi mmoja wao ndiye mwenye kuamrisha na mwingine ndiye mwenye kutii. Sarufi ya jikoni ile ilikuwa ya amri kwa sababu maisha ya jikoni yalikuwa ya amri. Hata hivyo, ndani ya lugha hiyo hiyo watu wawili walipata kuliliana.

Wenzetu walimu, hatusemi kwamba tuache kusahihisha. Mtihani una kanuni zake, na mwanafunzi anayetudai Kiswahili sanifu ana haki ya kupewa. Lakini tuliopo Kigali tunawajua wanafunzi wetu. Huyu amekipata Kiswahili katika stendi ya Nyabugogo, yule kwa madereva wa malori yanayopita Rusumo, mwingine kwa nyanya yake aliyetoka Goma, mwingine kwa majirani wa Biryogo, ambako zamani wengi walikidharau Kiswahili wakikiita lugha ya wajanja wa mjini. Kalamu yetu nyekundu inapolifuta neno, mara nyingine inamfuta na aliyelitoa.

Tangu tuliporudi tumejizoeza kuuliza kabla ya kusahihisha: "Neno hili umelipata kwa nani?" Si mara moja tumeona uso wa mtoto ukifunguka anapomtaja mtu wa nyumbani kwao. Baada ya hapo tunaandika neno sanifu kando ya lile la kwanza, bila kulikata.

Naye mwenzetu amebadili somo lake la mwanzo. Kwa miaka mingi alilianza, kama tulivyolianza sote, kwa simama, keti, njoo, leta daftari. Siku hizi kipindi chote cha kwanza hakitoki nje ya swali moja, na kila mwanafunzi humwuliza jirani yake mpaka darasa zima limalizike: "Jina lako nani?"