Picha Ipo, Sauti Hakuna

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, tuzungumzie mitambo ya kanisa.

Jumapili iliyopita ibada yetu ilirushwa mubashara mtandaoni kwa zaidi ya saa moja bila sauti. Mhubiri anaonekana akipunga mikono, kwaya inafungua vinywa, lakini aliye nyumbani hasikii hata neno. Ndani ya kanisa hakuna aliyejua, kwa maana spika zilinguruma kama kawaida.

Msidhani hili ni jambo dogo. Tangu 2020, korona ilipofunga makanisa, tuna waumini wanaotutegemea kupitia simu: wagonjwa, wazee wasioweza kupanda matatu, na jamaa walio ng'ambo. Tena Alhamisi tulikuwa na ibada ya mazishi ya mama mmoja ambaye wanawe wawili wako Marekani na hawangeweza kusafiri. Wangemuaga mama yao kupitia mtambo huo huo.

Jumatatu jioni kijana anayesimamia mitambo akanipigia. Anajitolea tu, halipwi. "Kaka, wazee wanasema nimeharibu miksa. Kamati inataka kununua nyingine na kutafuta mtu mwingine." Alikuwa ameshaifuta programu ya OBS na kuiweka upya mara mbili. Nikamwambia asiguse kitu, nitafika kesho.

Kazini tuna kanuni moja: usitengeneze kabla hujajua palipokatika. Sauti husafiri kama maji ya bomba. Hutoka kwenye maikrofoni hadi kwenye miksa, hupita kwenye waya wa USB hadi kwenye tarakilishi, Windows huipokea, OBS huichukua kutoka kwa Windows, kisha huenda mtandaoni. Unakagua kiungo kimoja kimoja.

Maikrofoni na miksa zilikuwa nzima, ndiyo maana kanisani watu walisikia. Tukafungua mipangilio ya sauti ya Windows, kijana akasema "moja, mbili, tatu" kwenye maikrofoni, na kile kipimo kikacheza. Kwa hiyo waya nao ulikuwa mzima. Tukaangalia pia ruhusa ya maikrofoni, kwani tangu toleo la Windows 10 la Aprili 2018 ruhusa hiyo ikizimwa, hata programu za kawaida za mezani hunyimwa sauti. Ilikuwa imewashwa.

Ikabaki OBS. Katika mipangilio yake ya sauti, mahali pa maikrofoni paliandikwa kwamba kifaa hakijaunganishwa. Lakini kwenye orodha ya kuchagua, kifaa chetu kilikuwepo, jina lile lile, ila sasa limetanguliwa na namba 2.

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyegusa waya. Akakumbuka kwamba Jumamosi meza ilisafishwa, waya wa USB ukachomolewa, kisha ukachomekwa kwenye tundu la pembeni. Kumbe!

Maelezo yake ni haya. Tarakilishi haitambui kifaa kwa jina tunalolisoma sisi, bali kwa namba ndefu ya utambulisho. Kifaa kikiwa na namba yake ya kiwandani, hutambulika popote. Kisipokuwa nayo, kama miksa nyingi za bei nafuu, Windows hukitambua kwa tundu kilipochomekwa. Ukibadilisha tundu, kinahesabiwa kuwa kifaa kipya. OBS iliendelea kumsubiri yule wa zamani. Na kuifuta hakukusaidia kwa sababu, kwa kawaida, OBS ikiondolewa huacha mipangilio yake kwenye diski, nawe ukiiweka upya inaisoma ile ile.

Dawa ilichukua nusu dakika: tulichagua kifaa kipya kwenye orodha. Miksa haikuwa na kasoro yoyote, na hilo nililieleza mbele ya mzee mwenyekiti wa kamati, kijana akiwa amesimama hapo.

Tuliweka pia desturi tatu. Tundu la USB lina utepe mwekundu, na waya hauchomekwi kwingine. Kabla ya ibada, kipimo cha OBS lazima kicheze mtu anapozungumza, kikifika kwenye manjano bila kukaa kwenye nyekundu. Na kuna mtu mmoja anayekaa nje ya jengo na simu na visikizi, akisikiliza kile anachosikia wa mbali. Aliye mbele ya spika hawezi kuwa shahidi.

Alhamisi ndugu wale wawili walisikia ibada yote. Mmoja alituma salamu zake kwa simu, zikachezwa kupitia miksa ile ile, na waombolezaji wakamsikia.

Kama nyinyi pia mnarusha ibada au harusi na sauti imewahi kuwatoroka, nielezeni mliipata wapi. Haya, kwaherini kwa sasa.